Kenya Katika Sebule ya Roma

Ukitaka kupima jinsi filamu ya zamani ya Ulaya inavyowaonyesha watu wasio Wazungu, usianze kwa kuhesabu nyuso. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo maana hudanganya. Uliza kwanza nani anamzungumzia nani, na huyo anayezungumziwa yuko wapi.

L'eclisse ya Michelangelo Antonioni (1962) ni shule nzuri, hasa kwetu wa Afrika Mashariki. Usiku mmoja, katika mtaa wa EUR mjini Roma, Vittoria, anayeigizwa na Monica Vitti, anaingia kwa jirani yake Marta, binti wa walowezi aliyezaliwa Kenya. Kutani zimetundikwa picha kubwa za nyika na watu wake. Santuri ya ngoma inawekwa, picha inakatwa ghafla, na Vittoria anatokea amejipaka rangi nyeusi, mkuki mkononi, akicheza. Marta anamtaka aache mchezo huo. Lakini ni Marta huyohuyo ambaye, akiwataja wenyeji wanaodai nchi yao, anawafananisha na nyani.

Wapo watakaosema hii ni filamu ya kibaguzi, ifungiwe kabatini. Wengine watajibu kwamba Antonioni anamfichua mlowezi, kwa hiyo hana deni. Siwaungi mkono hawa wala wale. Irudie sehemu hiyo mara mbili: kwanza zima sauti utazame tu, kisha geuza uso usikilize tu. Ukitazama, utaona kamera inavyomfuata Vitti kwa raha, na ile rangi imekuwa pambo lingine la uzuri wake. Ukisikiliza, utasikia maneno ya Marta yakiachwa wazi, bila muziki wa kuyafunika, mpaka yanaudhi. Sikio la filamu hii limeitambua dharau. Jicho lake bado linastarehe. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta katika kila filamu ya kipindi kile, na mhakiki asiyeiona hajatazama vya kutosha.

Kisha chunguza nani alipewa nafasi gani. Marta aliigizwa na Mirella Ricciardi, mpiga picha aliyezaliwa Kenya kweli, ambaye mwaka 1971 alitoa kitabu cha picha, Vanishing Africa. Mlowezi, basi, alitafutiwa mtu anayeijua nchi ile. Mwafrika wa Kenya hakutafutiwa hata mstari mmoja wa kusema, ilhali hali ya hatari ya kikoloni ilikuwa imeondolewa mwaka 1960 na uhuru ulikuwa unakuja Desemba 1963. Baadaye Marta anatoa bunduki na kupasua puto angani kwa risasi. Ni onyesho zuri sana, lakini Kenya imebaki kuwa chombo cha kupunguza uchovu wa moyo wa Vittoria.

Linganisha na Angst essen Seele auf ya Rainer Werner Fassbinder (1974). Ali, kibarua Mmoroko mjini Munich, anamwoa Emmi, mfanya usafi mzee kuliko yeye. Kijerumani chake ni cha kuungaunga. Mhakiki mvivu atakomea hapo na kulalamika. Wewe subiri mpaka Emmi anapowaalika wafanyakazi wenzake nyumbani nao wanamzunguka Ali wakimbonyeza misuli. Mwili wake umeanikwa, naam, lakini safari hii aibu ni ya wanaotazama, na filamu inatufanya tuione, kisha inamfuata Ali anapoondoka. Usimpite pia Yolanda, mgeni kutoka Yugoslavia, ambaye wanawake wale wanamtenga kazini na Emmi anajiunga nao. Nafasi ya Yolanda ni dakika chache tu, lakini zinatosha kuonyesha kwamba aliyeonewa jana, kama Emmi, anaweza kuonea leo.

Mwishoni Ali anaanguka kwa vidonda vya tumbo, na daktari anaeleza kwamba ugonjwa huo huwapata sana vibarua wa kigeni kwa sababu ya dhiki wanayoishi nayo. Fassbinder ameutaja mfumo unaomuumiza mtu wake. Antonioni, mwenye macho makali kuliko yeye, hakuifanyia Kenya hivyo.