Pima Tatu za Mwindaji

Mwindaji wa Greenland wa zamani alipotaka kayaki hakuuliza bei. Alinyoosha mikono. Kwa kawaida pima tatu zake ndizo zilizokuwa urefu wa chombo, na upana mahali pa kukalia ulikuwa nyonga zake na ngumi mbili. Mvuvi wa pwani yetu, anayehesabu kina cha maji kwa pima hizo hizo, asingehitaji mkalimani.

Mbao ndizo zilizokuwa tabu. Fundi wa ngalawa huanza na gogo zima la mwembe, akalichonga kwa tezo mpaka vibanzi vimfike magotini. Mwenzake wa Greenland hakuwa na msitu wa kukata. Aliokota ufukoni miti iliyosombwa na mito ya Siberia, ikasafiri miaka mingi na barafu ya Aktiki. Hakuthubutu kupoteza hata kipande: alipinda mataruma membamba, akayafunga kwa kamba za ngozi, kiunzi kikawa chepesi na chenye kunesa wimbini.

Kisha ngozi ya sili. Hapa sifa zinawaendea wanawake, maana ndio walioishona, sindano ikipita ndani ya unene wa ngozi bila kutokeza upande wa pili. Katika maji yale, mshono unaovuja ni mauti.

Chombo hicho kilikaa chini, karibu sawa na maji, kimya. Mbele ya mwindaji palikuwa na chusa. Nyuma yake, chelezo cha ngozi kilichojazwa pumzi, ili mnyama aliyechomwa asizame akapotea. Huko Qaanaaq, kaskazini kabisa, nyangumi aina ya narwali bado huchomwa chusa kutoka kwenye kayaki kabla ya bunduki kulia: injini humkimbiza, na risasi peke yake humzamisha.

Lakini leo mnunuzi wa kayaki wa Marekani mwenye fedha kidogo, anayetaka kuvua samaki na kuwafuata bata vinamasini, hukutana na kitu kingine: kayaki ya plastiki, pana kama sentimita 80, yenye vishikio vya fimbo za kuvulia na hata pa kuwekea kikombe. Upana humtuliza anayeogopa kupinduka. Lakini nyingi za aina hiyo huzidi kilo 30, na kinamasi hakina kuli. Vikombe navyo havijawahi kuvua samaki.

Afadhali iliyotumika, isiyo na madoido, na fedha inayobaki iende kwenye jaketi la kuokolea na kafi jepesi. Aipindue kwanza, apapase chini upande wa nyuma, ambako kuburutwa kwenye saruji hula plastiki mpaka ikawa nyembamba. Halafu aingie, papo hapo uani kwa muuzaji, anyooshe miguu na kusikiliza nyonga zake, hata kama majirani wanacheka kumwona mtu mzima akipiga kafi juu ya majani makavu.