Mwenye Duka na Mwenye Mtambo wa Chapa: Mhindi Mwanamageuzi katika Historia ya Nathari ya Kiswahili Nairobi

Utangulizi

Mhindi katika fasihi ya Afrika Mashariki amekaa dukani kwa muda mrefu. Aghalabu msomaji humkuta nyuma ya meza, mizani mbele yake na daftari la madeni mkononi. Usawiri huu hauwezi kuitwa uongo. Chini ya utawala wa Waingereza biashara ya rejareja ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Wahindi, na mkulima aliyeuza mahindi kwa bei ya chini kisha akanunua sukari kwa bei ya juu alikuwa na sababu ya kumkumbuka mwenye duka kwa uchungu. Tatizo linaanza pale mhusika mmoja anapochukuliwa kuwa jamii nzima, na jamii hiyo inapoonekana kuwa haikuwa na mjadala wake, ugomvi wake wala wanamageuzi wake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwenye duka wa kubuni amemficha mtu mwingine aliyekuwapo kweli katika mji wa Nairobi, yaani mwenye mtambo wa chapa. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu muhimu ya nathari ya upinzani nchini Kenya ilipita katika mitambo ya Wahindi wanamageuzi kati ya 1921 na 1965, na kwamba historia ya fasihi isiyolitaja jambo hili ina pengo. Kwanza yanachunguzwa mawazo ya riwaya mbili kuhusu mageuzi katika jamii ya Kihindi. Kisha mawazo hayo yanapimwa kwa kumbukumbu za Nairobi yenyewe.

Mageuzi katika riwaya mbili

Katika Vuta N'kuvute (1999), Shafi Adam Shafi anamsawiri Yasmin, msichana wa Kihindi anayeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka anayemzidi umri kwa mbali. Yasmin anaiasi ndoa hiyo, anakataliwa na mama yake mzazi, na anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma. Baadaye anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru wa Zanzibar. Nguvu ya riwaya hii imo katika namna inavyoyaunganisha mambo mawili: msichana anayetafuta mamlaka juu ya maisha yake na nchi inayotafuta mamlaka juu yake yenyewe. Wahakiki wengi wameusifu muungano huo, na kwa haki.

Hata hivyo, hapana budi kuuliza mageuzi yanatoka wapi katika riwaya hii. Yanatoka nje ya nyumba ya Yasmin. Jamii yake imechorwa kama ukuta: inaoza, inafukuza, inafunga mlango. Ilhali suala la ndoa za wasichana wadogo lilikuwa limewagawa Wahindi wenyewe kwa miaka mingi. Nchini India sheria ya kuzuia ndoa za watoto ilipitishwa mwaka 1929 baada ya mabishano makali. Huku Nairobi, chama cha Arya Samaj, kilichozaliwa Bombay mwaka 1875 na kutetea elimu ya wanawake, kilianzishwa mwaka 1903, na kufikia 1910 kilikuwa kimefungua shule ya wasichana. Ni kweli kwamba Arya Samaj ni chama cha Wahindu na Yasmin ni Mwislamu wa Zanzibar, na sheria ya India haikumfikia. Linalosisitizwa hapa ni kwamba hoja anayoiishi Yasmin ilikuwa na watetezi ndani ya jamii za Kihindi za Afrika Mashariki, na riwaya haikumpa hata mmoja wao nafasi ya kusema.

M. G. Vassanji, katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), anampa mwanamageuzi wa Kihindi jina na sauti. Mahesh, mjomba wa msimulizi, anauchukia ukoloni na kuwaunga mkono wapiganaji wa Mau Mau. Lakini Mahesh amewekwa pembezoni mwa hadithi. Katikati yupo Vikram mwenyewe, mtoto wa mwenye duka wa Nakuru, ambaye baada ya uhuru anakuwa wakala wa fedha za wakubwa jijini Nairobi. Mahesh anakwenda India na kuzuiliwa kurudi Kenya. Kwa hiyo riwaya inakiri kwamba mwanamageuzi alikuwapo, kisha inamwondoa ili wakala abaki na uwanja. Yamkini mwandishi alikusudia kuonyesha hasara ya taifa lililomfukuza mwadilifu na kumtunza mla rushwa. Matokeo yake kwa msomaji, hata hivyo, ni kwamba duka linashinda tena.

Riwaya hizi mbili zinatofautiana kwa lugha, mahali na itikadi, lakini zinakutana katika jambo moja: hakuna Mhindi anayefanya kazi ya mageuzi kama kazi yake ya kila siku. Kumbukumbu za Nairobi zinatoa picha tofauti.

Mitambo ya Nairobi

Neno chapa lenyewe lina asili ya Kihindi. Kutoka kwalo Kiswahili kimepata kuchapa, kuchapisha, mchapishaji na chapisho. Lugha hutunza kumbukumbu ambazo wahakiki huzisahau: anayesema kitabu kimechapishwa anamtaja, bila kujua, fundi wa Kihindi aliyeleta kazi hiyo.

Fundi huyo alifanya kazi katika mji uliogawanywa kwa rangi. Ripoti ya afya ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza jamii zitenganishwe, na kwa muda mrefu Wahindi walibanwa katika mtaa wa Bazaar, River Road, Ngara na sehemu za Parklands, huku vilima vya magharibi vikitengewa Wazungu. Ni katika ofisi za katikati ya mji huo ambapo Manilal Ambalal Desai alihariri gazeti la East African Chronicle, na ni hapo Harry Thuku alipopata msaada wa kuchapa karatasi yake iliyoitwa Tangazo.

Mwaka 1921 una uzito wa pekee. Mwezi wa Juni, Thuku na wenzake walikutana na machifu na maofisa wa serikali huko Dagoretti, magharibi mwa mji, kujadili kupunguzwa kwa mishahara, kipande na kazi ya kulazimishwa. Julai, mkutano wa hadhara mjini ulipitisha azimio lililowataja Wahindi kuwa marafiki wa karibu wa Waafrika baada ya wamisheni. Walowezi walidai papo hapo kwamba Thuku alikuwa kibaraka wa Wahindi. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi karibu na barabara ambayo leo ina jina lake, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru.

Baada ya Desai kufariki mwaka 1926, kazi haikukoma. Muigwithania, gazeti la Kikikuyu lililohaririwa na Jomo Kenyatta kuanzia 1928, lilichapwa katika mtambo wa Sitaram Achariar. Makhan Singh, aliyewasili Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake, Sudh Singh, kabla ya kujulikana kama kiongozi wa wafanyakazi. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times mwaka 1933, kisha akachapisha magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho, lililodumu kutoka 1952 hadi 1962. Katika miaka ya 1940 alifungwa jela kwa makosa ya uchochezi. Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia ya Kigoa, alifanya kazi katika magazeti ya Wahindi, akawekwa kizuizini kuanzia 1954, na baada ya kuachiliwa akasimamia kampuni iliyochapisha Sauti ya Mwafrika. Aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 nje ya nyumba yake huko Westlands.

Mfululizo huu unaonyesha kwamba mwanamageuzi wa Kihindi Nairobi alikuwa mtu wa herufi za risasi, wino na karatasi. Siasa yake ilipitia katika kuchapa maneno ya watu wengine pamoja na yake.

Majina kama matini

Mhakiki anaweza kuuliza: je, magazeti na karatasi za matangazo ni fasihi? Jibu linaweza kuanzia katika majina yake, kwani kila jina ni tamko fupi kuhusu uhusiano wa msemaji na msikilizaji.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili katika miaka ya 1920, lililoitwa Habari. Kampuni ya East African Standard ilianzisha Baraza mwaka 1939. Katika miji ya pwani baraza ni kibao cha nje ya nyumba ambapo wenyeji hukaa na kuzungumza kama watu sawa. Katika Kenya ya bara chini ya ukoloni, neno hilohilo lilipata maana ya mkutano ulioitwa na ofisa wa wilaya au chifu, ambapo raia hukaa chini na kuambiwa. Jina la gazeti lilibeba maana zote mbili, na utata huo ulimfaa mwenye kampuni.

Dhidi ya majina hayo, Tangazo ni tendo: mtu asiye na cheo anajitwalia haki ya kutangaza, ambayo ilikuwa ya serikali. Habari za Dunia inalichukua neno la serikali na kulipanua, kwamba msomaji wa Kiafrika anastahili habari za ulimwengu mzima. Jicho linageuza mwelekeo wa kutazama. Katika mfumo wa kipande, mtawala ndiye aliyemtazama mtawaliwa. Hapa mtawaliwa naye ana jicho. Sauti ya Mwafrika inakamilisha safari hiyo kutoka kuambiwa hadi kusema.

Jambo hilohilo laonekana katika majina ya vyama. Chama cha wafanyakazi kilichoanza mwaka 1934 kikiwa cha Wahindi kilibadilishwa jina mwaka 1935, Makhan Singh akiwa katibu, kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya bila kutaja kabila wala rangi. Neno moja liliondolewa, na msikilizaji mpya akaingia. Mgomo wa mwaka 1937, uliodumu siku 62, ulifuatana na karatasi zilizochapwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Karatasi ya aina hiyo huandikwa ili asome mmoja na wasikie wengi. Kwa hiyo utanzu huu umesimama baina ya fasihi simulizi na andishi, na unastahili kuchunguzwa kwa zana za zote mbili.

Mipaka ya mageuzi

Lingekuwa kosa kuligeuza duka kuwa hekalu. Mageuzi ya Wahindi wa Kenya yalianza kama madai ya Wahindi kwa ajili ya Wahindi: haki ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu, kura, na kuondolewa kwa ubaguzi wa makazi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyeanzisha gazeti lililokuja kuwa East African Standard na kuliuza mwaka 1905, alifika mwaka 1910 kupendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na himaya ya India. Mwafrika hakuwa na nafasi katika pendekezo hilo. Hati ya Devonshire ya mwaka 1923 ilipotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, Waingereza waliitumia kuwanyima Wahindi walichodai bila kuwapa Waafrika walichostahili.

Uzito wa Makhan Singh unaonekana vizuri zaidi dhidi ya usuli huo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa mwito wa uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Alikamatwa majuma matatu baadaye na kuwekwa kizuizini hadi Oktoba 1961. Kutoka Jeevanjee wa 1910 hadi Makhan Singh wa 1950, madai yamehama kutoka himaya moja kupewa nchi hadi nchi kujitawala. Hayo ndiyo mageuzi ya kijamii, na yalifanyika ndani ya jamii moja katika miaka 40.

Hitimisho

Historia za nathari ya Kiswahili aghalabu huanzia kwenye shule za wamisheni, hupita katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na kufika kwenye shirika la vitabu la serikali la mwaka 1948. Njia hiyo ni ya kweli, lakini ni njia ya waliokuwa na idhini. Njia nyingine ilipita River Road, na watu wake walilipa kwa faini, jela, kizuizi na maisha. Mjadala uliofanyika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968 kuhusu idara ya Kiingereza uliirudishia fasihi simulizi heshima yake. Karatasi ya tangazo, iliyo baina ya mdomo na kitabu, haikupata mtetezi.

Mwaka 1991, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kuigeuza bustani ya babu yake katikati ya jiji kuwa maegesho ya magari. Bustani ilisalimika, na katika miaka iliyofuata raia waliitumia kujadili siasa hadharani. Hifadhi ya karatasi inahitaji jitihada ya namna hiyohiyo. Nyaraka za Makhan Singh zimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo wa dakika chache kutoka madarasa ambamo wanafunzi hufundishwa usawiri wa Mhindi mwenye duka. Wanahistoria wamezisoma. Wahakiki wa Kiswahili wanadaiwa zamu yao, kwani matini za lugha yao zimo ndani ya masanduku hayo, na bila matini hizo mwanafunzi ataendelea kuamini kwamba upinzani wa Kenya ulizungumza Kiswahili lakini haukukiandika.