Hali ya Tatu, Hali ya Nne: Jinsi Upumuaji wa Mitokondria Unavyopimwa

Mwaka 1955 Britton Chance na G. R. Williams wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, walichapisha mfululizo wa makala kuhusu mitokondria, na ndani yake wakazigawa hali za upumuaji wake katika namba tano. Chance alipenda kuunda vyombo vya kupimia kama alivyopenda baiolojia yenyewe. Miaka mitatu kabla, alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya mashindano ya mashua za tanga katika Olimpiki ya Helsinki. Namba zake tano zimedumu hadi leo. Wanafunzi wa baiolojia ya seli wanazikariri, majarida yanazichapisha. Lakini moja kati yake imegeuka maana kabisa, na nyingine mbili zimebebeshwa mizigo ambayo hazikuundwa kuibeba. Kuliona hilo, ni lazima kwanza tufuate kipimo chenyewe hatua kwa hatua.

Mitokondria hutumia oksijeni ili kutengeneza ATP, molekuli yenye nishati ambayo seli huitumia kwa kazi zake. Elektroni kutoka kwenye chakula hupita katika mnyororo wa vimeng'enya vilivyo ndani ya utando, na safari hiyo husukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine. Protoni zikirudi kupitia kimeng'enya kinachounda ATP, hapo ADP na fosfati huunganishwa kuwa ATP. Wazo hilo lilitolewa na Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961, likapingwa kwa miaka mingi, na mwaka 1978 likampatia Tuzo ya Nobel. Fikiria tangi la maji juu ya paa na pampu inayolijaza. Tangi likijaa, pampu hupunguza kasi. Ukifungua bomba chini, pampu huongeza kasi. Tangi likiwa na ufa, pampu hufanya kazi hata kama bomba zote zimefungwa. Mtafiti anayepima oksijeni anapima mafuta yanayochomwa na pampu, wala hapimi maji yanayotoka bombani. Makosa mengi ya kufasiri matokeo huanzia hapa: mtu huona oksijeni nyingi imetumika, akaandika kwamba ATP nyingi imetengenezwa.

Kazi huanza kwenye barafu. Ini la panya hukatwakatwa ndani ya mmumunyo wa sukrosi uliopozwa, kisha husagwa taratibu katika kinu cha kioo chenye mchi wa Tefloni. Mashine ya kuzungusha kwa kasi hutuliza kwanza vipande vizito, yaani viini vya seli na seli zisizopasuka. Kimiminika cha juu huzungushwa tena kwa nguvu kubwa zaidi, na mitokondria hushuka chini. Msingi wa njia hii uliwekwa na Hogeboom, Schneider na Palade mwaka 1948. Kinachowekwa pia kwenye mmumunyo ni kemikali ya kukamata kalsiamu, kwa sababu kalsiamu nyingi huvimbisha mitokondria na kuziharibu. Anayefanya kazi hii kwa mikono mizito hupata mitokondria zilizochanika, na hakuna elektrodi itakayomrudishia alichokiharibu kinuni.

Kabla ya elektrodi, upumuaji ulipimwa kwa kifaa kinachohusishwa na Otto Warburg wa Ujerumani, ambacho kilisoma mabadiliko ya mgandamizo wa gesi ndani ya chupa iliyofungwa. Kilifanya kazi kubwa, ila kilikuwa cha polepole: usomaji ulihitaji dakika nyingi, na mabadiliko ya sekunde chache yalipita bila kuonekana. Chance na Williams walitumia elektrodi ya platini iliyofuatilia oksijeni mfululizo. Mwaka 1956 Leland Clark akachapisha elektrodi yake iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki, aliyoiunda kwa ajili ya kupima oksijeni kwenye damu. Utando ule huruhusu oksijeni ipite na kuzuia protini zisiichafue platini. Maabara za mitokondria ziliichukua mara moja, na wengi bado wanaitumia: chemba ndogo ya kioo, sumaku inayozunguka chini kukoroga, mfuniko wenye tundu la kupitisha sindano nyembamba, na mstari wa grafu unaoshuka kadiri oksijeni inavyokwisha.

Mstari huo hauna maana mpaka usawazishwe. Maji safi ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa, usawa wa bahari, yana oksijeni takriban mikromoli 258 kwa lita. Yakiwa na chumvi, oksijeni hupungua kidogo, na yakipashwa hadi nyuzi 37, upungufu ni mkubwa zaidi. Sifuri hupatikana kwa kutia ditionaiti, kemikali inayomaliza oksijeni yote. Sasa angalia jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Maabara ya Nairobi ikichukua namba ya jedwali la usawa wa bahari bila kuirekebisha, kila tarakimu ya upumuaji itakuwa kubwa kupita ukweli, kwa kiasi ambacho kingetosha kuitwa ugunduzi. Kipima mgandamizo wa hewa kilicho ukutani ni sehemu ya kipimo kama ilivyo elektrodi yenyewe.

Tuingie kwenye grafu. Katika mpangilio wa Chance na Williams, mitokondria zikitiwa peke yake chembani, mstari hushuka polepole: hiyo ndiyo hali ya kwanza. Kisha hutiwa ADP bila chakula. Akiba ndogo iliyobaki ndani huisha, upumuaji unabaki wa chini kwa kukosa cha kuchoma: hali ya pili. Hutiwa chakula, mathalani suksineti, na mstari huporomoka kwa kasi, kwa sababu sasa kuna chakula, ADP na fosfati: hali ya tatu. ADP yote ikishageuzwa kuwa ATP, mstari hupunguza mteremko wenyewe, bila mtafiti kugusa chochote: hali ya nne. Oksijeni ikiisha, mstari unalala: hali ya tano. Ni maelezo mazuri ya jaribio moja, kwa utaratibu mmoja, na zikiwa namba za hatua tu, zilikuwa sahihi.

Baadaye watafiti waligeuza utaratibu. Mitokondria, kisha chakula, kisha ADP, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo rahisi. Hatua ya chakula bila ADP ikaja ya pili kwa mpangilio, nao wakaiita hali ya pili. Kwa hiyo leo makala moja ikisema hali ya pili inamaanisha ADP ipo na chakula hakuna; nyingine ina maana chakula kipo na ADP hakuna. Jina ni lile lile, vitu vimepishana kabisa.

Hali ya nne nayo ina kasoro yake. Vimeng'enya vinavyovunja ATP, hasa vile vilivyoshikamana na uchafu wa utayarishaji, huzalisha ADP upya, na upumuaji unabaki juu kuliko unavyostahili. Watafiti wakaanza kutia oligomaisini, kemikali inayoziba kimeng'enya cha kuunda ATP, ili ubaki upumuaji unaosababishwa na kuvuja kwa protoni peke yake. Wakaongeza herufi kwenye namba nne. Kwa upande wa hali ya tatu, wengine walitia kitenganishi kama FCCP, ambacho hupitisha protoni kwenye utando bila kuunda ATP, wakapata kasi kubwa kabisa, na wakaibandika namba tatu yenye herufi nyingine. Hapo lugha ilivunjika, maana sifa kuu ya hali ya tatu ni kwamba ATP inaundwa.

Grafu hiyo hiyo hutoa vipimo viwili vya kukokotoa. Cha kwanza ni idadi ya ADP zinazogeuzwa kwa kila atomi ya oksijeni. Ukitia nanomoli 300 za ADP, na mstari ukaonyesha kwamba hadi mteremko ulipobadilika zilitumika nanomoli 60 za molekuli za oksijeni, hizo ni nanomoli 120 za atomi, na jibu ni 2.5. Anayesahau kutofautisha molekuli na atomi hukosea mara mbili nzima. Vitabu vya zamani viliandika 3 kwa chakula kinachoingilia kimeng'enya cha kwanza cha mnyororo na 2 kwa suksineti. Leo hesabu inayokubalika ni karibu 2.5 na 1.5.

Cha pili ni uwiano wa hali ya tatu kwa ya nne, unaotumiwa kama cheti cha ubora wa mitokondria. Naamini umepewa heshima kupita kiasi. Chukua sampuli mbili za mfano: moja inapumua 120 ikiwa na ADP na 20 bila ADP, nyingine 60 na 10. Uwiano wa zote mbili ni 6, ilhali ya pili imepoteza nusu ya uwezo wake. Uwiano ukiandikwa peke yake, ugonjwa umefichwa.

Chakula kinachochaguliwa huamua ni mlango upi wa mnyororo unaopimwa. Glutameti na maleti huingiza elektroni kupitia kimeng'enya cha kwanza. Suksineti huingia kwa cha pili, na kwa kawaida hutiwa pamoja na rotenoni ili cha kwanza kifungwe. Rotenoni si ngeni kwetu: imo kwenye utupa, mmea ambao wavuvi wamekuwa wakiutwanga na kuutia majini ili samaki walegee na kuelea. Samaki yule anakufa kwa sababu ile ile inayoufanya mstari wa grafu ulale. Antimaisini hufunga kimeng'enya cha tatu. Dawa ya malaria ya atovakwoni hufanya hivyo kwa vimelea vya malaria. Sianidi, ile inayotokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, hufunga cha nne.

Thamani ya kupima kila hali kwa jina lake ilionekana huko Sweden. Mwaka 1962 Rolf Luft, Lars Ernster na wenzao walichapisha habari za mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa na joto na jasho lisilokoma, aliyekula sana na kubaki mwembamba, na ambaye mwili wake ulitumia nishati zaidi ya mara mbili ya kawaida, ingawa tezi yake ya shingoni haikuwa chanzo. Walichukua kipande cha msuli, wakatenga mitokondria. Zilipumua karibu na kasi ya juu kabisa hata bila kutiwa ADP. Zilipopewa ADP, ziliunda ATP vizuri tu. Ni tangi lenye ufa na bomba lisilo na kasoro. Kama wangepima kasi ya juu peke yake, wangeandika kwamba hana tatizo. Tofauti ilikuwa upande wa kuvuja, na hapo ndipo ugonjwa wa kwanza wa mitokondria ulipotambuliwa.

Leo kazi nyingi hufanywa kwa seli hai zisizosagwa. Mashine za Seahorse husoma oksijeni kwa vihisi vya mwanga juu ya seli zilizoshika kwenye sahani yenye visima vidogo. Za Oroboros, zilizotokana na kazi ya Erich Gnaiger huko Innsbruck, Austria, zimeendeleza elektrodi ya Clark kwa usahihi mkubwa. Kwenye seli, mpangilio wa kawaida ni kupima upumuaji wa kawaida, kisha oligomaisini, kisha FCCP, kisha rotenoni na antimaisini ili kujua oksijeni inayotumika nje ya mnyororo. FCCP inahitaji uangalifu: ikizidi, yenyewe huzuia upumuaji, hivyo kila aina ya seli lazima itafutiwe kipimo chake. Seli nzima hazifuati namba za Chance. Ndani yake ADP haiko nyingi wala haijaisha, na kuiita hali yake ya tatu au ya nne ni kukisia.

Mwaka 2020 Gnaiger na mamia ya wenzake kutoka nchi nyingi walipendekeza majina yanayosema kinachotokea: upumuaji wa kuvuja, kwa herufi L, upumuaji wa kuunda ATP, kwa herufi P, na uwezo wa mnyororo wenyewe kwa kitenganishi, kwa herufi E. Nayaunga mkono bila kusita. Tofauti ya P na E inaonyesha kama kikwazo ni mnyororo au ni uundaji wa ATP, jambo ambalo namba tatu yenye herufi ya nyongeza ililifunika. Hata hivyo, P ni P pale tu ADP inapokuwa tele, na kiasi chake lazima kiandikwe.

Kwa hiyo, wewe mtafiti kijana unayeandaa jedwali lako la kwanza, iwe Muhimbili, Makerere au Nairobi: andika chakula ulichotia na kiasi chake, ADP, kitenganishi, joto, mgandamizo wa hewa wa siku hiyo, na kile ulichogawanyia matokeo, kiwe protini, idadi ya seli au wingi wa mitokondria. Andika kasi zote tatu, L, P na E, kabla ya uwiano wowote. Na kama ni lazima utumie namba za mwaka 1955, eleza ulitia nini kwanza na nini baadaye.