Msamiati wa Mandhari kwa Mwanafunzi Anayeanza: Kijapani, Kiswahili na Nchi ya Tarbaj

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wataalamu wa lugha kwa kawaida huwaachia walimu wa madarasa ya chini, yaani orodha ya maneno ya mandhari apewayo mtu katika majuma ya kwanza ya kujifunza lugha ngeni. Mlima, mto, ziwa, bahari, msitu, kisiwa: maneno haya hudhaniwa kuwa mepesi kwa sababu vitu vyenyewe vinaonekana kwa macho, na picha moja yatosha kueleza kila kimoja. Dhana hiyo haina budi kuhojiwa. Kila orodha ya namna hiyo ni maelezo ya nchi fulani, na yule asiyetoka katika nchi hiyo hupewa maneno ya kutaja asichonacho kabla hajapewa ya kutaja alichonacho.

Mwandishi alilitambua jambo hili mbali na kwao. Nilipokuwa Osaka nikisomea shahada ya uzamili, darasa letu la Kijapani cha mwanzo lilitakiwa kueleza, mmoja baada ya mwingine, kwao ni mahali pa namna gani. Mimi nimezaliwa Tarbaj. Nilikuwa nimekwisha kuyahifadhi maneno ya somo: yama ni mlima, kawa ni mto, umi ni bahari, mori ni msitu. Nikasimama nikasema: Yama ga arimasen. Kawa ga arimasen. Umi ga arimasen. Hakuna mlima, hakuna mto, hakuna bahari. Sarufi ilikuwa sahihi na mwalimu alinisifu. Hata hivyo nilikaa nikijua kwamba sikusema lolote kuhusu kwetu, ila nimeorodhesha yasiyokuwako. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema, akanisaidia neno sabaku, jangwa, na darasa zima likaona ngamia juu ya vilima vya mchanga. Tarbaj haina vilima vya mchanga.

Lakini si haki kuilaumu lugha ya Kijapani. Wajapani wanaanza na nchi yao. Katika herufi 80 ambazo mtoto wa darasa la kwanza la Japani hufundishwa, mna mlima na mto, mna shamba la mpunga, mna mwanzi, mna hata kombe la baharini. Herufi ya mlima ina vilele vitatu. Ya mto ina mistari mitatu ya maji yanayoteremka. Miti miwili ikisimama pamoja ni hayashi, kijisitu. Ikiwa mitatu ni mori, msitu. (Kwa Tarbaj tungehitaji herufi yenye mgunga mmoja, kisha nafasi kubwa, kisha mgunga mwingine.) Lenye mafunzo zaidi kwetu ni hilo neno sabaku. Herufi yake ya kwanza leo huandikwa kwa alama ya jiwe kando ya alama yenye maana ya 'chache'. Katika maandishi ya zamani alama ya kando haikuwa jiwe bali maji: maji machache. Kwa tafsiri hiyo ya kale neno linatufaa. Kwa picha ya mchanga halitufai. Tena wataalamu wao wanalo neno jingine, kansochi, nchi iliyokauka, na Chuo Kikuu cha Tottori kina kituo cha utafiti kinachoitwa kwa neno hilo. Hivyo Kijapani chenyewe chaweza kutenganisha jangwa na nchi kame, isipokuwa utengano huo haumfikii mwanafunzi anayeanza.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo penye dai letu hasa. Lugha hii ilikua ufukoni, na macho yake yaliitazama dunia kutoka ufukoni. 'Nchi kavu' kwa Mswahili si nchi isiyo na mvua. Ni nchi isiyokuwa bahari, hata kama inanyeshewa mwaka mzima. 'Bara' ni kule ng'ambo ya pili ya upwa. 'Nyika' ni pori la nyuma ya pwani, na lilipotumiwa kuwaita Wamijikenda 'Wanyika' lilibeba dharau ambayo wenyewe waliikataa. Hata jina la uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, lililotumika hadi 2013, lina chumvi ya bahari ndani yake, kwa kuwa kaskazini ni upande utokako kaskazi, upepo wa majahazi. Mtoto wa mfugaji alizaliwa katika mkoa uliopewa jina kwa msamiati wa mabaharia.

Hayo si makosa. Ni historia, nayo lugha zote zinayo. Kosa huanza pale historia ya lugha inapofanywa kuwa kipimo cha akili ya mtoto. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa nchini Kenya, na ingawa mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mazoea ya utahini hayakuondoka nao. Katika shule moja ya eneo letu niliona daftari la msichana aliyetakiwa kukamilisha sentensi: 'Mtoni ni mahali ambapo maji...' Jibu lililotakiwa ni 'hutiririka'. Yeye aliandika 'huchimbwa'. Akakosolewa kwa wino mwekundu.

Yafaa tulitazame jibu hilo kama wanaisimu. Kitenzi kimenyambuliwa sawasawa katika kauli ya kutendwa. Wakati wa mazoea umetumika panapostahili. Na kwa upande wa maana, jibu ni kweli tupu katika sehemu nyingi za kaskazini, ambako njia ya maji hujaa kwa saa au siku chache kisha ikabaki mchanga, na watu wakautoboa mchanga huo kutafuta maji yaliyojificha chini. Mtoto wa Garissa anao Mto Tana mbele ya macho yake. Mtoto wa Tarbaj, kando ya barabara ya Wajir kwenda Mandera, hana mto wa namna hiyo. Kilichokosolewa basi si Kiswahili chake bali nchi yake.

Kitu hicho kina jina, nalo ni laga. Asili yake ni lugha ya Waborana, ambao kwao laga ni mto, na sasa limeenea kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Tayari limekwisha kuvaa mavazi ya Kiswahili: watu husema 'laga imejaa', 'laga zimefurika', 'amevuka lagani'. Limeingia katika ngeli bila msaada wa kamati yoyote. Katika orodha zote za mwanzo nilizozipitia sijaliona. Wako watakaosema kwamba 'korongo' latosha. Nadhani halitoshi. Korongo husisitiza umbo la ardhi iliyochimbwa na maji, kingo zake na kina chake. Laga husisitiza maji yenyewe, yanayokuja na kwenda. Tena mtoto anayesikia 'korongo' huenda akamwona ndege.

Majira hayana taabu kubwa kiasi hicho. Gu ya Wasomali yakaribiana na masika, na deyr yakaribiana na vuli, hivyo mwalimu anaweza kujenga daraja bila shida. Tatizo liko kwenye jilaal. Tukilifasiri kuwa 'kiangazi' na kuishia hapo, tumetaja jua tukaacha safari ndefu za kunywesha mifugo, ambazo ndizo sehemu kubwa ya maana yake. Ndivyo ilivyo pia kwa maji yaliyosimama. Wargadud, moja ya wadi za Tarbaj, ina maana ya dimbwi jekundu. War si ziwa, si bwawa la umeme, ni hodhi ya ardhini ikusanyayo mvua. El Wak ni kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu. Mwalimu ana ramani nzima ya majina ya kufundishia, lakini ubaoni anachora mashua.

Hoja inayoweza kuletwa dhidi yetu ni kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na mtoto wa Tarbaj anastahili kuijua bahari kama mwenzake wa Lamu. Tunakubali bila masharti. Anayetaka kumnyima mtoto wa mfugaji neno 'wimbi' anamfungia nje ya sehemu kubwa ya fasihi ya lugha hii. Ila haki hiyo ina pande mbili, na sijapata kuona mtoto wa Lamu akitahiniwa maana ya laga. Suala ni lipi litangulie, na jibu lipi lihesabiwe kuwa sahihi.

Kwa hiyo napendekeza kwa watungaji wa orodha na wa kamusi kidahizo hiki: laga, nomino, wingi laga, njia ya maji ya mvua katika nchi kame, ambayo hujaa kwa muda mfupi na ambayo wakati wa ukavu huchimbwa maji. Sehemu ya mwisho ya fasili hiyo nimeipata katika daftari la yule msichana.