Joe Pass na Sanaa ya Kuacha

Kila mwalimu wa Kiswahili ameushuhudia mchezo huu darasani. Mwalimu hutamka "Haba na haba," kisha hunyamaza. Na darasa zima, hata yule mwanafunzi wa nyuma aliyekuwa akisinzia, humalizia kwa sauti moja. Nusu ya pili ya methali haikutamkwa na mwalimu, lakini hapana aliyeikosa. Zaidi ya hayo, wale walioimalizia huiona kuwa mali yao kuliko kama wangaliisikia nzima kutoka kinywani mwake. Ustadi wa mwalimu hapo haumo katika alichokisema, bali katika kujua mahali pa kunyamaza.

Makala haya yana nia ya kuueleza ustadi wa namna hiyo katika sanaa iliyo mbali kidogo na methali, yaani upigaji wa gitaa la jazi wa Joe Pass, Mmarekani aliyekuwa akiketi peke yake jukwaani, bila ngoma, bila besi, bila mwimbaji, na akaishikilia hadhira tangu mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Wengi wamemsifu kwa wingi wa anachokipiga. Mimi nashikilia kwamba ukubwa wake umo katika anachokiacha.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya neno lenyewe. Katika nchi zetu neno "jazi" limejulikana zaidi kama jina la bendi kuliko kama jina la muziki. O.K. Jazz ilianzishwa mwaka 1956 Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa. Tanzania nayo ilikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Na bendi hizo zote zilipiga muziki wa dansi, ulioathiriwa sana na rumba. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyoanzishwa na Wamarekani Weusi wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Desturi yake kuu ni hii: wanamuziki huchukua wimbo unaojulikana, huupiga karibu na ulivyo, kisha hutunga mahadhi mapya papo kwa papo juu ya msingi ule ule, na mwishoni huurudia wimbo wenyewe. Hivyo msikilizaji mzoefu husikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja: huu unaopigwa, na ule anaoukumbuka. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana hoja yetu yote inalitegemea.

Joseph Anthony Jacobi Passalaqua, ndilo jina lake kamili, alizaliwa tarehe 13 Januari 1929 katika jimbo la New Jersey, akakulia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Alipata gitaa akiwa na umri wa miaka 9. Ujana wake uliharibiwa na heroini. Alifungwa gerezani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaingia Synanon, kituo cha waraibu huko California, ambako alianza upya. Alikuwa amefikia umri wa miaka 44 aliporekodi, mwaka 1973, santuri ya gitaa pekee iliyompatia sifa duniani. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Mei 1994.

Santuri ile ya mwaka 1973, iliyotolewa na kampuni ya Pablo ya Norman Granz, iliitwa "Virtuoso", yaani bingwa wa ufundi wa ala. Jina hilo lilimfaa mwuzaji, lakini nadhani liliyapotosha masikio ya wengi. Msikilizaji aliyekwisha kuambiwa kwamba anakwenda kumsikia bingwa huketi akingoja maajabu: vidole vinavyokimbia na noti zinazomwagika kama mvua ya masika. Na kwa kweli maajabu hayo yamo. Katika "Cherokee" na "How High the Moon" kasi yake yatisha. Lakini mtu akiisikiliza santuri hiyo kwa kuihesabu kasi tu, atakuwa kama msomaji wa shairi anayehesabu mizani na kuridhika kwamba zimetimia.

Tukitaka kumwelewa Pass, inafaa zaidi tumsikilize akiwa mbele ya watu. Sikujaliwa kumwona jukwaani. Ninachokitegemea ni rekodi za maonyesho yake, hasa ile ya tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, ya mwezi wa Julai 1975. Yuko peke yake na gitaa lake la umeme. Hapana mapambo wala mbwembwe. Kwa kawaida yake huanza wimbo bila mwendo maalumu, kama mtu anayewaza kwa sauti: fungu la noti, kimya, kipande cha mahadhi, kimya tena. Hadhira hainong'oni. Kisha, bila ishara yoyote, mwendo hujitokeza, na mtu hugundua kwamba mguu wake umekwisha kuanza kuupokea. Si rahisi kusema umeanzia wapi.

Hapa ndipo ulipo ufundi wake, na inafaa tuuchambue kwa makini. Katika bendi ya jazi kazi hugawanywa. Mpiga besi hutembea na noti za chini, moja kwa kila pigo. Mpiga piano huweka mafungu ya sauti yanayoupa wimbo rangi yake. Mpiga saksafoni au tarumbeta huchukua mahadhi. Hizo ni kazi tatu za watu watatu. Sifa ambayo Pass amepewa mara nyingi ni kwamba anazifanya zote kwa pamoja, kana kwamba ana mikono sita. Lakini sikiliza kwa utulivu, nawe utaona kwamba kwa sehemu kubwa hafanyi hivyo hata kidogo. Hupiga mahadhi kwa hatua mbili tatu, akayaacha. Besi huteremka noti nne au tano, ikakatika. Fungu la sauti hugonga mara moja, kwa kifupi, likanyamaza. Kisha mahadhi hurudi, lakini hayarudi pale yalipoachwa. Hurudi pale ambapo yangalikuwa yamefika lau yasingaliachwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalotufunga. Besi inaponyamaza, sikio letu huendelea kuitembeza. Mahadhi yanapopotea, kumbukumbu yetu huendelea kuyaimba. Pass hutupatia "haba na haba" na kutuachia kibaba tukijaze wenyewe. Tunasadiki kwamba tumesikia watu watatu kwa sababu wawili kati yao tumewaleta sisi. Mwenye kuitilia shaka hoja hii na ajaribu: achague dakika moja ya onyesho, aisikilize besi peke yake, na ahesabu ni mara ngapi imekatika. Atashangaa.

Mfano ulio bora kwa maoni yangu ni "Li'l Darlin'", mojawapo ya nyimbo za onyesho lile la Montreux. Wimbo huo ulitungwa na Neal Hefti kwa ajili ya bendi kubwa ya Count Basie, iliyourekodi mwaka 1957 kwa tarumbeta, tromboni na saksafoni nyingi. Inasimuliwa kwamba Hefti aliukusudia uende kasi zaidi, ila Basie akaupunguza mwendo mpaka ukawa wa taratibu mno. Na Basie mwenyewe alikuwa mpiga piano aliyesifika kwa uchache wa noti zake. Sasa tazama jaribio alilojipa Pass. Wimbo wa mwendo wa taratibu haumfichi mtu. Katika kasi kosa hupita kama kivuli. Katika utulivu kila noti husimama peke yake ikachunguzwa. Tena bendi nzima imekwisha kuukalia wimbo huo katika kumbukumbu ya wasikilizaji, na yeye ana nyuzi sita. Mpigaji asiye na imani na hadhira yake angaliyajaza mapengo yote kwa hofu. Pass huyaacha wazi.

Hata namna yake ya kugusa nyuzi inaifuata nia hiyo. Wapigaji wengi wa gitaa la jazi hutumia kijiti kidogo cha kuparia nyuzi, ambacho hutoa sauti kali na iliyo sawa. Alipopiga peke yake, Pass alizidi kupenda kutumia vidole vitupu, kidole gumba kikitunza besi. Vidole havilingani kwa nguvu. Kwa hiyo noti zake hazilingani kwa uzito: nyingine hutamkwa, nyingine hunong'onwa, nyingine humezwa nusu, kama silabi katika mazungumzo ya mtu mzima asiyekuwa na haja ya kupaza sauti.

Wasomaji wa nchi hizi hawakungoja kufundishwa na Mmarekani kwamba gitaa moja laweza kutosha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, katika Katanga: kijana mmoja, gitaa moja, kidole gumba na cha shahada, na wimbo wa "Masanga" ukavuma mbali. Ila njia zao ni mbili tofauti. Mwenda hujenga juu ya mzunguko unaorudi, na mwendo wake hauvunjiki. Msikilizaji huweza kuingia wakati wowote akajikuta nyumbani. Pass huweza kuusimamisha mwendo wote katikati ya sentensi, akimtegemea msikilizaji aushike mpaka atakaporudi.

Mhakiki asiyetaja dosari huwa mpambe, nasi hatuna budi kuzitaja. Pass hakuwa mwaminifu siku zote kwa kipawa chake hiki. Alikuwa na vipande vya kasi alivyovizoea, ambavyo huteremka kutoka noti za juu hadi za chini, na hivyo huhama kutoka wimbo hadi wimbo bila kubadilika sana. Mara nyingi huja pale pale ambapo kimya kilikuwa kikihitajika. Ni kama msemaji hodari ambaye, akikosa neno, huitia methali yoyote iliyo karibu na ulimi wake. Katika rekodi za studio dosari hiyo huonekana zaidi. Mbele ya watu, pengine kwa kuwa anazisikia pumzi zao, humpata mara chache.

Ipo pia dosari ambayo si yake peke yake, nayo yatuhusu sisi walimu zaidi. Sanaa ya kuacha hudai urithi wa pamoja. Mwanafunzi asiyejua kwamba haba na haba hujaza kibaba hawezi kumalizia. Kwake yeye kimya cha mwalimu ni kimya tu. Vivyo hivyo, msikilizaji wa Bujumbura au Kampala asiyepata kuusikia "Willow Weep for Me" hukosa nusu ya kile Pass anachokifanya nao. Mara ya kwanza niliposikiliza onyesho hili, wimbo ulionifungulia mlango ulikuwa "You Are the Sunshine of My Life" wa Stevie Wonder, kwa sababu redio ilikwisha kunifundisha. Hapo tu ndipo nilipotambua ni kitu gani kilichoachwa, na kwa hiyo ni kitu gani nilichokuwa nikiongeza mwenyewe. Nyimbo nyingine nilizirudia baada ya kuzitafuta zikiimbwa na waimbaji. Zilikuwa nyimbo nyingine kabisa.

Sina budi kukiri jambo moja, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu kifo cha bibi yake. Haikufika ukurasa mmoja. Hakutaja machozi wala huzuni. Alimalizia kwa kusema kwamba jioni ile kikombe cha bibi kilioshwa, kikarudishwa kabatini. Niliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Fupi mno. Eleza hisia zako." Alama za juu nilimpa mwenzake aliyejaza kurasa nne kwa misemo, tashbihi na takriri, zote zikiwa sahihi. Nilikuwa nimesahihisha kama yule msikilizaji wa "Virtuoso", nikitafuta vidole vinavyokimbia. Leo sikumbuki hata sentensi moja ya zile kurasa nne. Kikombe nakikumbuka.

Sisemi kwamba ufupi ni ustadi kila mara. Wapo wanafunzi wanaoandika kifupi kwa kuwa hawana la kusema, na wapo wapigaji wanaopiga noti chache kwa kuwa hawajui nyingine. Pass alikuwa na haki ya kuacha kwa sababu alijua kwa ukamilifu alichokuwa akikiacha. Besi yake iliyokatika ilikuwa imekamilika akilini mwake. Tofauti hiyo husikika, nayo ndiyo anayopaswa kuitafuta mwenye kuhakiki na mwenye kusahihisha: je, pengo hili ni la mtu asiyejua, au ni la mtu anayetuamini?

Nawashauri walimu wenzangu wanaofundisha fasihi wajaribu jambo hili katika kipindi kimoja. Wawape wanafunzi wimbo wanaoujua wote, wauimbe mara mbili. Kisha wauimbe mara ya tatu huku mwalimu akiwanyamazisha kwa mkono katika baadhi ya maneno, na mwishoni awaulize waliendelea kusikia nini. Baada ya hapo wasomewe shairi fupi, au insha fupi ya mmoja wao, kwa swali hilo hilo.

Insha ile nilimrudishia mwenyewe siku ile ile, pamoja na wino wangu mwekundu, wala sina nakala yake. Alama alizostahili sikumpa. Nazitoa hapa, japokuwa nimechelewa.