Hirizi, Kidani na Kifungo: Uponyaji na Kazi ya Mikono katika Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo za kale zinazofundishwa sana, lakini kwa muda mrefu umefundishwa kwa njia moja. Mwanafunzi huambiwa kwamba huu ni wasia wa mama kwa binti yake, na kwamba wasia huo wahusu dini, adabu na hasa utiifu wa mke kwa mumewe. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka wa 1934, waliupa kichwa cha Kiingereza kilichotaja mawaidha juu ya wajibu wa mke, na wasomaji wengi wamekifuata kichwa hicho hata pale ambapo hawakukiona. Mwaka wa 1991 Ann Biersteker aliutilia shaka usomaji huo, akaelekeza macho ya wahakiki kwenye uhusiano wa lugha, ushairi na mamlaka. Mjadala huo umekuwa na manufaa makubwa. Hata hivyo, pande zote mbili zimeshughulika zaidi na swali moja: je, mtunzi aliwataka wanawake watii kama maneno yake yasemavyo, ama sivyo?

Makala haya hayanuii kulifunga swali hilo. Yanakusudia kuzichunguza beti chache za mwanzo ambazo wahakiki wengi huzipita upesi ili wafike kwenye maagizo. Katika beti hizo, kabla ya kutaja agizo la kwanza, mtunzi anamwambia binti yake ni kitu gani hasa anachompa. Anataja vitu vitatu kwa mfuatano: kwanza hirizi, pili kidani cha lulu na marijani, tatu kifungo kisicho na kasoro. Hoja yetu ni kwamba vitu hivi havikuwekwa kuwa mapambo ya utangulizi. Ndivyo vinavyotueleza utendi huu ni kitu gani na wafanya kazi gani. Ni kazi ya mikono, iliyofanywa na mgonjwa, kwa nia ya kuponya. Na swali la utiifu halipati jibu la haki mpaka tuwe tumeuliza kwanza: anaponywa nani, na kutokana na nini?

Mgonjwa na mji wake

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kama asemavyo mwenyewe katika beti za mwisho, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Bwana Mataka aliwaongoza watu wa Siyu katika kuupinga utawala wa Sayyid Said wa Unguja, na mwaka wa 1844 jeshi la Sultani lilishindwa huko. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Utendi wenyewe umebeba tarehe yake, mwaka wa 1275 wa Hijra, yaani 1858 kwa hesabu ya Miladi. Wakati huo mtunzi alikuwa mjane, na anasema kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Kiasi cha mwaka wa 1860 naye alifariki. Tunaye, basi, mama ambaye mume amekwenda, afya inakwenda, na binti yake, Mwana Hashima, angali kijana.

Yafaa pia kukumbuka Siyu ulikuwa mji wa namna gani. Katika karne ya 19 ulisifika kwa mafundi wake: washonaji wa viatu vya ngozi, wachongaji wa mbao, wafua chuma na wanakili wa misahafu. Misahafu ya Siyu, yenye kurasa zilizopambwa kwa wino wa rangi, ni miongoni mwa kazi bora za mikono zilizobakia katika upwa huu. Mke wa mtawala wa mji kama huo hakukosa kuona jinsi karatasi, wino, ngozi na uzi vinavyogeuka kuwa kitu cha thamani katika mikono ya fundi. Tunalisema jambo hili kwa sababu vitu vyote vinne hukutana katika hirizi.

Maana ya kutunga

Kabla ya kuifikia hirizi, hatuna budi kulitazama neno ambalo utendi mzima umelitegemea. Katika Kiswahili mtu hutunga shanga, hutunga samaki katika ujiti, na hutunga mashairi. Waarabu nao walikuwa na fikra iliyo karibu na hiyo, kwani neno lao nadhm, ambalo kwetu limekuwa nudhumu, lina maana ya kupanga lulu katika uzi na pia maana ya ushairi. Hapa lugha mbili zilizoishi pamoja katika upwa zimepatana bila kulazimishana.

Lakini neno letu lina upana ambao lile la Kiarabu halina. Jipu hutunga usaha. Mimba hutunga. Kutunga, kwa Mswahili, ni tendo la mkono wa fundi na pia ni tendo la mwili wenyewe unapokusanya kitu ndani yake, kiwe cha maumivu au cha uzazi. Mgonjwa anayetunga anafanya kwa hiari jambo ambalo mwili wake umekuwa ukilifanya bila hiari: anakusanya. Tofauti ni kwamba anachokikusanya sasa kina mpangilio, na chaweza kupewa mtu mwingine.

Fani ya utendi inalithibitisha jambo hili. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hubadilisha kina chao kutoka ubeti hadi ubeti, ila kipande cha nne hurudi daima kwenye sauti ile ile. Wataalamu wa arudhi wanakiita kina hicho kina cha bahari. Katika utendi huu wa beti 102, sauti ya a inayorudi mwishoni mwa kila ubeti ndiyo uzi unaopita ndani ya kila ushanga. Msikilizaji asiyejua hata neno moja la arudhi huuhisi uzi huo masikioni. Mtunzi aliposema kwamba anatunga kidani, alikuwa akieleza kwa usahihi kazi aliyokuwa akiifanya.

Hirizi isiyofichwa

Hirizi ya kawaida katika upwa huu ni karatasi iliyoandikwa maneno ya dua au ya Kurani, ikakunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa na kufungwa mwilini kwa uzi. Kwa desturi huandikwa na mwalimu au mganga. Anayeivaa haisomi, nguvu yake imo katika kufungwa kwake.

Mwana Kupona amelichukua umbo hilo akaligeuza mara tatu. Kwanza, mwandishi wa hirizi hapa si mwalimu wa chuoni bali ni mama mgonjwa. Mtu ambaye kwa kawaida angeandikiwa hirizi ndiye anayeitoa. Pili, katika beti za mwanzo anamwita binti aje akae mbele yake na wino na karatasi. Tukiyachukua maneno hayo kama yalivyo, binti ndiye anayeshika kalamu, na hirizi inaandikwa na mkono wa yule yule atakayeivaa. Hapa hapana mpokeaji aliyekaa kimya. Pana wanawake wawili walioshirikiana kazi moja. Tatu, karibu na mwisho wa utendi mtunzi anawaalika wanawake wote wausome na kuifahamu maana yake. Hirizi iliyokuwa imeshonwa imefumuliwa. Nguvu yake imehamishwa kutoka kwenye siri na kuwekwa kwenye kusoma.

Mabadiliko haya ni makubwa, na tunadhani ndiyo yanayoutofautisha utendi huu na maandishi mengi ya mawaidha. Mawaidha hutoka juu kwenda chini. Hirizi hii inatoka katika mikono minne.

Kidani na shani

Huenda msomaji akapinga kwamba lulu na vito ni tamathali za kawaida mno, za Kiarabu na za Kiswahili, na kwamba si haki kuzibebesha uzito wote huu. Pingamizi hili lina nguvu. Ni kweli kwamba washairi wengi wameyaita mashairi yao lulu. Lakini desturi ya tamathali haituambii kwa nini mtunzi fulani ameiweka mahali fulani. Hapa kidani kimewekwa baada ya maradhi na baada ya hirizi. Kwanza limekuja la kukinga, kisha limekuja la kupendeza. Mama hakuridhika na kumkinga binti. Alitaka pia ang'ae.

Katika ubeti huo limetumika neno shani, na neno hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Shani ni kitu cha nadra, cha kustaajabiwa. Lakini Waswahili husema pia kwamba mtu amepatwa na shani, yaani amefikwa na jambo lisilotazamiwa, pengine la msiba. Neno moja lakusanya mshangao wa uzuri na mshtuko wa balaa. Katika nyumba ambayo shani ya pili ilikuwa imekwisha kuingia, mtunzi analivika neno lile lile shingoni mwa binti yake kwa maana ya kwanza.

Vito vyenyewe ni mazao ya bahari. Marijani ni mifupa ya viumbe wadogo wa baharini. Lulu huanza pale chaza anapojeruhiwa au kuingiliwa na kitu kigeni: huking'arisha kile kinachomuudhi kwa kukizungushia tabaka juu ya tabaka. Hatudai kwamba Mwana Kupona aliikusudia maana hiyo, kwani utendi hausemi. Twasema tu kwamba taswira aliyoichagua inalibeba jambo hilo vizuri kuliko taswira ya dhahabu, ambayo huchimbwa ikiwa tayari ni dhahabu.

Tukishaliona hili, beti za baadaye zinazotaja pete, hina, wanja na manukato hubadilika sura. Wahakiki huzisoma kama mafunzo ya kumpendeza mume, na kwa hakika ndivyo zilivyo. Lakini pambo la kwanza katika utendi halikutoka kwa mume wala halikuvaliwa kwa ajili yake. Lilitungwa na mama, likavishwa na mama, kabla mume hajatajwa.

Kifungo

Tungelikomea kwenye kidani, usomaji wetu ungelikuwa mtamu kupita kiasi. Kitu cha tatu kinatuzuia. Kidani hakikai shingoni bila kifungo, na mtunzi anakisifu kifungo hicho kwa uzuri na ukamilifu wake. Msomaji wa leo hawezi kulisoma neno hili bila kukumbuka kwamba kifungo ni pia adhabu ya gerezani, na kwamba aliyefungwa hayuko huru. Hata tukisema kwamba maana hiyo haikukusudiwa, kitenzi chenyewe, kufunga, kimebeba yote mawili: kushikiza na kuzuia.

Na kwa kweli maagizo yanayofuata yanafunga. Mke anaelezwa jinsi ya kumtumikia mume usingizini na macho wazi, na radhi ya mume inahusishwa na hali ya mke huko akhera. Hakuna ufundi wa mhakiki utakaoyafuta maneno hayo, wala haifai kujaribu. Lililo la haki ni kuuliza yanatibu nini. Binti huyu alikuwa ameshampoteza baba na alikuwa karibu kumpoteza mama, katika ukoo uliokuwa umepigana na dola yenye nguvu. Ugonjwa ambao mama aliweza kuutibu haukuwa ule wa mwili wake. Ulikuwa upweke wa mtoto atakayebaki. Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ni nafasi katika nyumba ya mume na katika dini, na nafasi hiyo ilikuwa na gharama. Mtunzi aliyeijua gharama hiyo kwa kuiishi hakuificha. Aliitaja kwa jina la kitu kinachofunga, akataka angalau kiwe kizuri na kisiwe na kombo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na pande zote mbili za mjadala. Wanaousoma utendi kama sheria wanakiona kifungo peke yake. Wanaoutafutia kejeli wanatamani kukifungua. Utendi wenyewe unavishikilia pamoja vito na kifungo, na uponyaji unaoutoa ni wa namna hiyo: wa kweli, tena wenye mipaka.

Hitimisho

Katika beti za mwisho, baada ya dua ndefu ya kuwaombea wanawe na yeye mwenyewe, mtunzi anaacha jina, mahali alikozaliwa na tarehe. Fundi hutia alama yake kazi inapokwisha. Jina analoliacha lina sauti ile ile ya kitenzi kupona, na aliyelibeba hakupona. Msomaji hawezi kuacha kuliona jambo hili, japo mtunzi hakulitolea maelezo yoyote. Alichokifanya ni kulifunga jina hilo ndani ya hirizi, ambamo lingesomwa na wengine.

Kwa ufundishaji, matokeo ya hoja hii ni mepesi kutekelezwa. Beti za hirizi, kidani na kifungo zisomwe darasani kabla ya beti za utiifu, tena kwa sauti, ili wanafunzi wausikie uzi wa kina cha bahari. Kisha waulizwe maana zote za kutunga wanazozijua kutoka nyumbani kwao. Mwanafunzi ambaye nyanya yake hutunga shanga ana jambo la kutuambia juu ya utendi huu, na huenda asijue kwamba analo mpaka aulizwe.