Nani Mwenye Ngoma? Safu za Zawose na Tatizo la Kumtafuta "Mtunzi"

Katika semina moja ya fasihi simulizi hapa chuoni, mwenzetu mmoja alisoma kazi yake juu ya "Maisha", santuri ya The Zawose Queens iliyotolewa mwaka 2024. Alisema, tena kwa kujiamini, kwamba hii ni mara ya kwanza katika historia wanawake wa Kigogo kushika ngoma mbele ya watu. Mimi nikacheka. Kicheko kile kikachukuliwa kuwa ni utovu wa adabu, na mwalimu akaniambia kwamba mwenye hoja huandika, hacheki. Basi makala hii ndiyo hoja yenyewe.

Nilicheka kwa sababu nimekulia Mvumi, Wilaya ya Chamwino, na kwetu ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Wanasimama, kila mmoja ameibana ngoma yake katikati ya mapaja, mikono miwili inapiga, na sauti zinaimba humo humo. Wanaume huimba na kucheza. Mtoto wa Mvumi akisikia ngoma za muheme kwa mbali hahitaji kuuliza ni akina nani wanaopiga. Ni mama zake na shangazi zake.

Kwa hiyo mwenzetu alikosea. Lakini nilipofika bwenini nikatafakari, nikaona kwamba kosa lile si lake peke yake. Ni kosa la namna tunavyofundishwa, na tunavyokubali, kuhakiki kazi za vikundi. Tunatafuta jina la mtu, tunaliandika kwenye mstari wa "mtunzi", halafu tunadhani asiye na jina hakuwepo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia ya kundi la Zawose, pamoja na mabadiliko yote ya wasanii wake, haiwezi kueleweka kwa njia hiyo.

Safu ilivyobadilika

Tuanze na mambo yanayofahamika. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa Ugogoni mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwalimu Nyerere alipopata habari za kipaji chake, alimwita Dar es Salaam, na huyu bwana akawa msanii wa taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, kilikoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, chuo ambacho siku hizi tunakiita TaSUBa. Huko ndiko alikojenga nyumba na kukuza ukoo wake, mbali kabisa na mibuyu ya Dodoma.

Safu ya kwanza iliyosikika nje ya nchi kwa santuri ilikuwa ya watu wazima waliolingana. Katika "Tanzania Yetu", iliyotolewa Uingereza mwaka 1985, Hukwe yuko pamoja na mafundi wenziwe, miongoni mwao Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, na wakatambulishwa kwa pamoja kama mafundi wakuu wa muziki wa Tanzania. Jina la Hukwe lilikuwa kubwa, hilo halina ubishi, lakini jina la kundi lilikuwa bado la wengi.

Safu ya pili ni ya mtu mmoja. Mwaka 1996 kampuni ya Real World, iliyoasisiwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa "Chibite", na kuanzia hapo dunia ikamjua Hukwe Zawose kama nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafuata "Mkuki wa Rocho", ambamo yuko na Charles Zawose, mtoto wa nduguye, na "Assembly", ambayo Michael Brook wa Kanada aliweka magita na mitambo yake. Mwishoni mwa Desemba 2003 Hukwe akafariki. Charles, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi, naye akafariki mwaka uliofuata. Kwa kipindi cha miezi tu, sauti zote mbili za mbele zikawa zimezimika.

Bendi nyingi zingekufa hapo. Hawa hawakufa. Safu ya tatu ikawa ni ukoo wenyewe: watoto, wapwa, wajukuu. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, akatoa "Uhamiaji" mwaka 2017, akichanganya zeze na ala za umeme. Halafu mwaka 2024 wakajitokeza Pendo na Leah, binti na mjukuu, kwa jina la The Zawose Queens. "Maisha" ilirekodiwa Bagamoyo ikatolewa na Real World ile ile iliyomtoa babu.

Maelezo yaliyoitangaza santuri hiyo yalisema kwamba wanawake wa ukoo walikaa muda mrefu nyuma kama waitikiaji, na kwamba ala kama zeze na ilimba zilihesabiwa kuwa za wanaume. Hilo ni kweli. Kosa la mwenzetu lilikuwa kuruka kutoka "zeze na ilimba" hadi "ngoma", kana kwamba ala za Kiafrika zote ni kitu kimoja. Jamani, sisi nasi!

Wengine hufanyaje?

Ili tuone upekee wa jambo hili, tulinganishe na mifano miwili.

Wapo hapa chuoni wapenzi wa muziki wa metali nzito wa Marekani, na ukikaa nao hawamalizi saa bila kubishana juu ya nani alitoka na nani aliingia. Metallica ilianzishwa mwaka 1981. Mwaka 1983 ilimfukuza mpiga gita Dave Mustaine, naye akaenda kuunda Megadeth. Mwaka 1986 mpiga besi Cliff Burton akafa katika ajali ya basi huko Uswidi, nafasi yake ikajazwa upesi na bendi ikaendelea. Kwa nini jina halikufa? Kwa sababu lilibaki mikononi mwa waanzilishi wawili, James Hetfield na Lars Ulrich. Pale bendi ni mali ya waliobaki. Anayetoka hutoka na kipaji chake, jina huliacha mlangoni.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA, halafu OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na wanamuziki walikuwa waajiriwa, kwa hiyo mtu aliweza kuhama kama mtumishi anavyohama ofisi. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alitoka hapo mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Safari Sound, kisha akarudi tena OTTU. Wasanii walipita, jina la chama nalo likapita, lakini mtindo wa Msondo ukabaki, mpaka ukawa ndio jina la bendi. Na msondo ni nini? Ni ngoma ndefu ya unyagoni. Bendi ya wanaume wenye suti na matarumbeta ilijipatia utambulisho kutoka katika ngoma ya kuwafunda wasichana, na hakuna aliyeandika jina la mwanamke hata mmoja kwenye orodha ya watunzi.

Kwa hiyo bendi ya Marekani huunganishwa na waanzilishi, na bendi ya dansi iliunganishwa na mwajiri na mtindo. Je, kundi la Zawose linaunganishwa na nini? Jibu la haraka ni damu. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Koo zina watu wengi, na si kila ukoo una muziki.

Nafasi badala ya majina

Ninavyoona mimi, kinachobaki katika safu zote za Zawose si mtu wala damu bali ni nafasi. Muziki wa Kigogo una nafasi zake: yuko anayeanzisha, wako wanaoitikia kwa sauti zilizopandana, na wako wanaoshika mapigo kwa ngoma, kayamba au njuga. Anayeanzisha anaweza kupamba, kupaza, kuigeuza sauti mpaka ikalia kama filimbi. Lakini anapamba juu ya kitu fulani, na kitu hicho ni waitikiaji. Ukiwaondoa, kiongozi anabaki kama mtu anayeuliza swali katika chumba kitupu.

Tukizisoma santuri kwa kufuata nafasi, historia yote inageuka. Katika "Assembly" sauti za Hukwe na Charles zimezungukwa na magita na mitambo ya Brook. Wahakiki wengi huona humo ushirikiano wa tamaduni mbili. Mimi naona badiliko kubwa la safu kuliko lile la mwaka 2024: nafasi ya waitikiaji ilichukuliwa na studio. Gita halimjibu Hukwe, linamtandikia. Ni kazi nzuri kusikiliza usiku, sikatai, na ile sauti ya Hukwe ingepasua hata ukuta wa mawe. Lakini ni muziki wa mtu aliyetenganishwa na kijiji chake. Jinsi dunia ilivyozidi kumpigia makofi, ndivyo safu ilivyozidi kupungua: kutoka mafundi wengi, wakabaki wawili, na nyuma yao mashine.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hukwe alitunzwa ugenini, na mtunzaji wa ugenini humtunza anayemwona mbele.

Sasa tuirudie "Maisha". Watayarishaji wake, Oli Barton-Wood na Tom Excell, nao ni wageni, na vionjo vya elektroniki vimo pia. Hata hivyo sauti za wanawake zinapandana, zinaachiana, zinapokezana, na msikilizaji hajui kila mara ni nani kiongozi. Kwa mtu wa Mvumi hiyo si hali mpya. Ndivyo muheme ulivyo. Kwa hiyo sisemi kwamba Pendo na Leah "wameingia" katika muziki wa Zawose. Nasema kwamba nafasi iliyokuwa ikiubeba muziki huo tangu awali imepewa jina kwenye jalada. Kilicho kipya kweli ni mikono yao kwenye ilimba na zeze, na hapo ndipo mwenzetu alipaswa kuweka wino wake.

Hapa naweza kupingwa kwa hoja mbili. Kwanza, mtu atasema ninamshusha Hukwe. La. Fundi wa namna ile hazaliwi kila mwaka, na asiyesikia tofauti ya sauti yake na ya mwimbaji wa kawaida akapimwe masikio. Ninachokataa ni kulifanya jina lake kuwa kifuniko cha kazi ya wengine. Pili, mtu atasema muheme wa Mvumi ni ngoma ya kijiji, yenye asili ya jandoni na unyagoni, wakati Zawose ni kundi la jukwaani, hivyo havilinganishwi. Hoja hii ina uzito zaidi. Ni kweli jukwaa lina sheria zake: lina muda, lina taa, lina tiketi, lina jina la kubandika ukutani. Lakini jukwaa halikuumba sauti zile. Lilizikuta. Hata filamu ya "Africa: The Beat" ya mwaka 2011, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali, ilifanikiwa kuonyesha muziki wa Wagogo bila kumtegemea nyota, kwa sababu iliutazama pale unapoishi. Na Tamasha la Muziki wa Wagogo, lililoanza Chamwino mwaka 2009, limeonyesha kwamba jukwaa na kijiji vinaweza kukaa pamoja.

Ukoo nao tusiutukuze kupita kiasi. Katika bendi ya mwajiri, mwanamuziki aliyedhulumika aliweza kuhama. Binti wa ukoo anahamia wapi? Kama kaka yake ndiye mwenye zeze na mjomba wake ndiye mwenye safari, yeye atasubiri. Hukwe alifariki 2003, na santuri yenye majina ya wanawake hawa imetoka 2024. Hesabu ni rahisi: zaidi ya miaka 20. Muda huo ni sehemu ya uhakiki, si mambo ya pembeni ya kuwaachia wanasosholojia.

Hitimisho

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kila muhula tunakwenda vijijini na redio za kurekodia, tunarudi na nyimbo, tunajaza fomu. Kwenye fomu kuna mstari wa "mtunzi" na mstari wa "fanani". Tunaandika jina la mzee aliyetukaribisha, kwa kuwa ndiye aliyezungumza nasi. Wanawake 12 waliopiga na kuitikia wanaandikwa "kikundi". Kesho na keshokutwa wimbo ule ukiingia kwenye kitabu au santuri, fomu yetu ndiyo itakayokuwa ushahidi wa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Kwa hiyo tusicheke tu makosa ya matangazo ya Ulaya. Matangazo yale yanafanya kwa rangi kile tunachofanya sisi kwa kalamu ya risasi.

Napendekeza mstari wa "mtunzi" ufutwe katika fomu za nyimbo za vikundi, na mahali pake pawekwe maswali matatu: nani ameanzisha, nani wameitikia, nani wameshika mapigo. Majina yote, hata yakijaza ukurasa wa pili.

Mwenzangu wa semina ile anakaribishwa kujibu katika toleo lijalo. Namwomba radhi kwa kile kicheko. Hoja siiombei radhi, na likizo ijayo akitaka twende wote Mvumi akawasikie wenyewe, nauli tutachangia.